Siku nne ndani ya kuta za Waroma: hamamu za Diocletian na Masoko ya Trajan

Makumbusho ya mambo ya kale mjini Roma ni mengi, na mengi yamewekwa katika majumba ya makadinali na matajiri wa karne za karibuni. Safari hii inafuata mawili ambayo jengo lenyewe lilijengwa na Waroma wa kale, kila moja likibeba jina la kaisari: Hamamu za Diocletian, mkabala na kituo cha reli cha Termini, na Masoko ya Trajan, kwenye mteremko wa kilima cha Quirinal. Katika makumbusho ya namna hii kabati la kioo ni nusu tu ya kazi. Ukuta ulio nyuma ya kabati ni mkubwa kuliko vyote vilivyomo, una habari nyingi kuliko kibao cha maelezo, na wageni wengi huupa mgongo.

Ratiba ni ya Jumatatu hadi Alhamisi, katikati ya Oktoba. Julai na Agosti joto la Roma hukaa katika matofali mpaka usiku, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo bustani na nyua huonekana nusu nusu. Vya kubeba ni vichache: viatu vyenye soli nene kwa ajili ya mawe ya barabarani, darubini ndogo ya mkononi kwa ajili ya dari, na chupa tupu ya maji. Mji una mabomba ya chuma ya umma, Waroma huyaita nasoni, yapatayo 2,500. Maji yake ni safi, hutiririka mchana na usiku, na ni bure.

Jumatatu: kuzunguka nje

Hamamu za Diocletian hufungwa Jumatatu. Kila wiki kuna watu wanaoligundua hilo wakiwa mlangoni na mabegi yao. Sisi tunaiweka Jumatatu kwa makusudi iwe siku ya nje, kwa sababu asiyelizunguka eneo hili kwa miguu hataelewa ukubwa wake akishaingia ndani.

Anzia Piazza dei Cinquecento, uwanja ulio mbele ya kituo. Jina Termini limetokana na *thermae*, yaani hamamu hizi hizi. Chini ya eneo la kituo palikuwa na birika kubwa la kuhifadhia maji, lenye urefu wa mita 91, lililolishwa na tawi la mfereji wa Aqua Marcia. Lilibomolewa mwaka 1876 kupisha reli. Ukisimama unasubiri basi hapo, umesimama kwenye tangi la hamamu.

Kabla ya kusogea, tafuta mnara mwembamba wa mawe ya Misri kando ya barabara inayokwenda Piazza della Repubblica. Ni nguzo ya Farao Ramesses II, iliyofukuliwa Roma mwaka 1883. Mwaka 1887 ilisimamishwa mbele ya kituo kuwakumbuka askari wa Italia wapatao 500 waliopigwa na jeshi la Ras Alula, jemadari wa Ethiopia, huko Dogali, Eritrea, tarehe 26 Januari mwaka huo. Jina la uwanja, Cinquecento, maana yake ni mia tano: ni wao. Katika miaka ya 1920 nguzo ilihamishiwa ilipo sasa. Baada ya Italia kuivamia Ethiopia, sanamu ya Simba wa Yuda iliyochukuliwa Addis Ababa iliwekwa kwenye mnara huo. Tarehe 15 Juni 1938 kijana wa Kieritrea, Zerai Deres, alipiga magoti mbele ya simba yule, na walipotaka kumwondoa akachomoa upanga. Alifia kifungoni, katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Sisilia, mwaka 1945. Simba alirudishwa Addis Ababa katika miaka ya 1960. Wengi hupita hapa wakikimbilia treni bila kuinua macho. Msomaji wa Afrika Mashariki anayo sababu ya kusimama dakika tano.

Sasa twende Piazza della Repubblica. Majengo mawili yenye matao yaliyopinda kama upinde ni ya mwishoni mwa karne ya 19, kazi ya Gaetano Koch, lakini mpindo wenyewe si wake. Aliufuata mstari wa ukuta wa nje wa hamamu, uliokuwa na nusu duara kubwa upande huu. Ukitaka kuona ncha za ukuta huo, tafuta majengo mawili ya mviringo. Moja ni kanisa la San Bernardo alle Terme, lililogeuzwa kanisa mwaka 1598, lenye kuba na tundu juu katikati. Lingine liko upande wa Via del Viminale. Yalikuwa pembe mbili za upande mmoja wa hamamu. Tembea kutoka moja hadi jingine, kisha kumbuka kwamba huo ni upande mmoja tu. Eneo zima lilikuwa kama hekta 13, sawa na viwanja vya mpira takriban 18. Kulizunguka kunachukua karibu nusu saa ukihesabu na taa za barabarani.

Simama kwenye chemchemi katikati ya uwanja, utazame kanisa la Santa Maria degli Angeli. Uso wa kanisa ni ukuta wa matofali ulioingia ndani kama bakuli. Mgeni hudhani ni gofu lililowekewa mlango. Ule ni ukuta wa *ndani*: ni kidaka kikubwa cha caldarium, ukumbi wa maji ya moto. Ukisogea karibu na mlango unakuwa umekwisha kuingia katika ukumbi huo, ila paa na kuta nyingine hazipo.

Ukuta huu ndio darasa zuri la kwanza, kwa kuwa hauna tiketi wala kamba. Kwanza tazama matofali. Waroma walichoma matofali ya mraba kwa vipimo maalumu: dogo lina upande wa karibu sentimita 20, pungufu kidogo ya shubiri, la kati sentimita 44 na ushee, karibu dhiraa moja, kubwa sentimita 59. Ya mraba yalikatwa pembetatu, ncha ikaelekezwa ndani ya ukuta, ndiyo maana ukiyatazama kwa nje yanaonekana membamba na marefu. Pili, tazama mahali tofali limebanduka: ndani kuna zege la chokaa, mawe na mchanga wa volkano. Matofali ni ngozi, na zege ndilo linalobeba. Tatu, tafuta mashimo. Yaliyo katika mistari, yenye umbali ulio sawa, ni ya miti ya jukwaa la mafundi. Yaliyotawanyika ovyo, yenye kingo zilizochimbuliwa, mara nyingi ni ya watu wa baadaye waliokuwa wakifukua vibanio vya chuma na shaba vilivyoshika mabamba ya marumaru. Hapakuwa na tofali lililoachwa wazi machoni mwa mwogaji. Ndani kote kulikuwa na marumaru, lipu na vigae vya rangi. Wekundu huu tunaousifu leo ni mwili uliochunwa ngozi.

Jumanne: makumbusho yenyewe

Mlango uko Viale Enrico De Nicola, upande unaotazama kituo, ukipitia bustani yenye mawe ya makaburi. Usichanganye na Palazzo Massimo, jengo la karne ya 19 ng'ambo ya uwanja. Yote mawili ni ya Museo Nazionale Romano, Makumbusho ya Taifa ya Roma, na ipo tiketi ya pamoja. Masharti na bei hubadilika, kwa hiyo soma tovuti yao siku mbili kabla. Kwa kawaida milango hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, na mgeni wa mwisho huingia saa kumi na mbili jioni. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote, jambo linaloleta msongamano. Fika mlango unapofunguliwa na tenga saa nne. Uliza hapo hapo dirishani kumbi zipi zimefungwa siku hiyo: ukarabati hapa hauishi, na ramani ya karatasi haitakuambia.

Historia kwa kifupi, kwa kuwa bila hiyo mpangilio wa vyumba hauna maana. Kaisari Maximian aliporudi Roma kutoka vitani Afrika, ile ya kaskazini, aliamuru hamamu zijengwe kwa jina la mwenzake Diocletian. Kazi ilianza mwaka 298 na ufunguzi ulikuwa kati ya 305 na 306, wakati watawala hao wawili walikuwa wameshajiuzulu. Mwaka 537 Wagothi waliouzingira mji walikata mifereji ya maji, na hamamu isiyo na maji ni ukumbi wa popo. Karne ya 16 watawa wa Kikarthusi wakapewa mahali hapa, wakajenga monasteri ndani na juu ya magofu. Baadaye baadhi ya kumbi zikawa maghala ya nafaka. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1889, na kumbi kubwa zikafunguliwa kwa umma kwa maonyesho ya mwaka 1911, Italia ilipotimiza miaka 50 ya umoja wake. Kila aliyeingia alitumia kuta alizozikuta, akaziba tundu, akaweka paa. Ndiyo sababu zipo.

Anza na kumbi kubwa. Usikimbilie vilivyomo. Simama katikati, inua shingo, ufuate tao linavyoshuka kutoka darini hadi kwenye nguzo ya ukuta. Dari hizi ni za zege lililomwagwa juu ya kiunzi cha mbao. Zege likishika, kiunzi huondolewa na kuhamishiwa ukumbi unaofuata. Ukipata mwanga wa pembeni utaona alama za mbao hizo hizo kwenye dari, kama zinavyobaki kwenye slabu ya nyumba ya ghorofa.

Katika ukumbi wa kumi kuna kaburi la ukoo wa Platorini, lililopatikana mwaka 1880 kando ya mto Tiber zilipokuwa zikijengwa kingo za mto, likahamishiwa hapa jiwe kwa jiwe. Karibu nalo kuna makaburi ya chumba yenye picha za rangi kutoka Via Portuense. Kaburi ndani ya ukumbi wa hamamu: hapa mtoto mdogo ataona mara moja ukubwa wa jengo, maana nyumba nzima ya wafu imo ndani na juu yake imebaki nafasi ya nyingine.

Kisha toka kwenye natatio, bwawa la kuogelea la maji baridi. Lilikuwa na eneo la mita za mraba 4,000 na kina cha kama mita moja tu, wazi juu, na ukuta wake mmoja ulipambwa kwa ngazi za vidaka na nguzo kama jukwaa la mchezo wa kuigiza. Leo unaona sehemu tu, kwani ua mdogo wa watawa na sehemu ya nyuma ya kanisa vimekalia pengine pote. Ukichunguza sakafu na pembe za mabwawa ya Kiroma popote utakutana na lipu ya waridi: chokaa iliyochanganywa na vigae vya kusaga, isiyopitisha maji. Mahali ukuta unapokutana na sakafu fundi huweka mgongo wa lipu hiyo, wa mviringo. Pembe kali hupasuka kwanza na maji hupenya hapo. Fundi wa matangi wa leo anajua hilo bila kufundishwa na Mroma.

Joto lilitoka wapi? Sehemu za moto za hamamu hizi zimepotea karibu zote, hivyo inabidi kuijenga picha akilini. Sakafu ya caldarium ilikaa juu ya vinguzo vya matofali madogo, hewa ikipita chini. Pembeni kulikuwa na matanuri yaliyolishwa kuni na watumwa. Moshi na hewa ya moto vilipita chini ya sakafu, vikapanda ndani ya kuta kwa mabomba ya udongo, vikatokea juu. Ukumbi uliwekwa upande wa kusini magharibi ili madirisha yake makubwa yapate jua la alasiri, wakati wa kuoga ulipowadia, kwani desturi ya Waroma ilikuwa kuoga kuanzia saa nane. Aliyewahi kuingia Hamamni, Mji Mkongwe wa Unguja, hamamu za Sultani Barghash, anayo picha tayari: vyumba vya joto tofauti, mafundi wa moto wasioonekana. Aikuze tu mara nyingi, kwa maana hapa waliweza kuoga watu 3,000 kwa wakati mmoja.

Sehemu ya maandishi ndiyo moyo wa makumbusho haya, na ndiyo inayochosha wageni haraka. Hazina yao ina maandishi kama 10,000, yaliyoonyeshwa ni mia kadhaa, katika ghorofa tatu. Nenda asubuhi, kichwa kikiwa kipya, na usijaribu kuyasoma yote. Chagua mawe kumi ya makaburi uyasome kwa utaratibu huu.

Tafuta juu herufi D M: *Dis Manibus*, kwa mizimu ya marehemu. Ni kama sisi tunavyoanza kwa "Marehemu". Halafu jina. Baada ya jina angalia kama kuna herufi moja yenye F au L. F ni *filius*, mwana wa. L ni *libertus*, mtumwa aliyeachwa huru, na herufi iliyotangulia ni jina la bwana wake. Kwa hiyo C·L maana yake aliachwa huru na Gaius. Herufi moja hiyo inabeba maisha mazima, na ukishaijua utashangaa ilivyo kila mahali. Kisha V A, *vixit annis*, aliishi miaka, na tarakimu. Usiiamini sana tarakimu: watu wengi hawakujua umri wao, na mawe yamejaa 20, 25, 30, 40. B M ni *bene merenti*, kwa aliyestahili. Nukta ndogo za pembetatu katikati ya mstari hutenganisha maneno. Jiwe likiwa limelika, usilitazame usoni. Sogea pembeni mpaka mwanga uvuke juu yake kwa mshazari, na herufi zitatoka kwenye kivuli. Kosa la kawaida ni kupiga picha kwa mmweko. Mbali na kwamba umekatazwa, unafuta vivuli vyote.

Usipite bila kuona vitu vitatu. Cha kwanza ni jiwe la Satricum, mji wa kale kusini mwa Roma, lililopatikana 1977, lenye Kilatini cha zamani sana na jina la Poplios Valesios. Cha pili ni vitu vya chemchemi ya Anna Perenna, mungu wa kike wa Waroma, vilivyofukuliwa 1999 walipokuwa wakichimba maegesho ya magari chini ya ardhi: sufuria ya shaba, mabamba ya risasi yaliyoandikwa maapizo, na vijisanamu vya watu vilivyofungiwa ndani ya vikopo vya risasi, kimoja ndani ya kingine. Mambo ya kutupiana hayo hayahitaji mkalimani pwani yetu.

Cha tatu ni pete ya chuma ya shingoni yenye kibao kidogo cha shaba. Maandishi yake yanasema: nimekimbia, nishike, ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus, utapata sarafu ya dhahabu. Ni kitu kidogo, na kundi hupita bila kukiona. Waliolisha matanuri tuliyoyaeleza hapo juu walikuwa watu wa namna hii, na anayetoka katika nchi yenye Bagamoyo na Mkunazini hataambiwa na kibao chochote asimame wapi.

Baada ya hapo kapumzike katika ua mkubwa, unaoitwa wa Michelangelo ingawa ulikamilika muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1564. Una nguzo 100, baraza pande zote nne, na katikati vichwa vikubwa vya wanyama vya mawe, kifaru mmojawapo, vilivyopatikana karibu na Jukwaa la Trajan, yaani *forum*, uwanja wa umma uliozungukwa na majengo. Kwenye nguzo ya pembeni mwaka 1565 umechongwa. Kaa upande wenye kivuli kisha nenda ua mdogo, wenye mabamba ya ushirika wa makuhani walioitwa Arvales na kumbukumbu za Michezo ya Karne ya mwaka 17 kabla ya Kristo na ya mwaka 204. Ghorofani, juu ya ua mkubwa, kuna sehemu ya Walatini wa kabla ya Roma kuwa Roma: mikufu, vyungu, makaburi. Ni nzuri, lakini ukiwa umechoka iache. Miguu iliyochoka haioni chungu.

Jumatano: kanisa, mstari wa jua, ukumbi wa pembe nane

Santa Maria degli Angeli ni kanisa linalotumika. Kuingia ni bure, mabega na magoti yafunikwe, na wakati wa misa usizurure. Papa Pius IV aliamua mwaka 1561 hamamu zigeuzwe kanisa, baada ya miaka mingi ya kusumbuliwa na padri wa Kisisilia, Antonio Lo Duca, na kazi akapewa Michelangelo akiwa na miaka 86. Mzee yule alifanya jambo la busara: aliacha ukumbi ulivyo.

Ukumbi mdogo wa mviringo unaoingilia ulikuwa tepidarium, wa vuguvugu. Hatua chache mbele unafunguka frigidarium, ukumbi wa baridi, na hapa unaona kitu kisichoonekana kwingineko Roma kwa urahisi namna hii: ukumbi wa hamamu ukiwa bado na dari yake ya matao yanayokatana. Nguzo nane za itale nyekundu ni za kale, kila moja jiwe moja kutoka Aswan. Nyingine, za karibu na mlango na altare, ni za matofali yaliyopakwa lipu na rangi katika karne ya 18, wakati msanifu Vanvitelli alipolitengeneza upya kanisa. Kuzitofautisha ni rahisi: weka kiganja. Itale huvuta joto la mkono. Lipu haivuti hivyo. Sakafu pia imeinuliwa kwa kama mita mbili, hivyo sehemu ya chini ya nguzo imefukiwa na vitako unavyoviona ni vya kuigiza.

Upande wa kulia sakafuni kuna mstari wa shaba wenye urefu wa mita 45 hivi, uliowekwa na mtaalamu wa nyota Francesco Bianchini mwaka 1702 kwa amri ya Papa Clement XI. Juu ukutani, kiasi cha mita 20, kuna tundu. Jua la adhuhuri hupita tunduni na kuangusha duara la mwanga juu ya mstari. Bianchini alichagua jengo hili kwa sababu tatu zinazoeleweka: ni refu kwenda juu, limekaa vizuri kulielekea jua la kusini, na kuta zake, baada ya miaka 1,400, zilikuwa zimemaliza kutitia. Jengo jipya hutitia, na milimita moja juu ingeharibu hesabu chini.

Wageni wengi huukosa mwanga huo kwa kufika saa sita kamili. Roma iko magharibi ya mstari unaotawala saa za Italia, kwa hiyo adhuhuri ya kweli huchelewa kama dakika kumi kwa wastani, na huyumba kwa msimu: mwanzoni mwa Novemba ni dakika sita hivi kabla ya saa sita, katikati ya Februari ni saa sita na dakika 24. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa husogezwa mbele, kwa hiyo ongeza saa nzima. Katikati ya Oktoba uwe umesimama kwenye mstari saa saba kasoro dakika kumi; mwanga huvuka saa saba kasoro dakika nne. Kuvuka kwenyewe huchukua dakika mbili hivi, basi. Kiangazi duara huanguka karibu na ukuta, kwenye alama ya nyota za Kaa. Katikati ya majira ya baridi huenda mwisho kabisa, kwenye Mbuzi. Mawingu yakifunga, rudi kesho, hakuna njia nyingine.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ndogo hapa. Waroma walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na adhuhuri kwao ilikuwa *hora sexta*, saa ya sita. Mtu wa Tanga angepanga miadi nao bila shida.

Mchana nenda Aula Ottagona, ukumbi wa pembe nane, upande wa kushoto ukiutazama mlango wa kanisa. Nje ni mraba, ndani pembe nane, juu kuba. Umewahi kuwa ghala, na mwaka 1928 ukafanywa jumba la kuonyeshea nyota, ndiyo sababu ndani ya kuba kuna wavu wa chuma juu ya nguzo nyembamba. Walipouondoa mtambo wa nyota waliuacha wavu. Tatizo la ukumbi huu ni kwamba hufunguliwa kwa maonyesho maalumu tu vipindi vingi. Ukikuta kufuli, tembea Via Parigi nyuma yake uone mabaki mengine ya kuta.

Muda uliobaki tumia tiketi ya pamoja Palazzo Massimo. Jengo halihusiki na safari yetu, lakini yupo Bondia wa shaba, aliyefukuliwa 1885, ambaye majeraha yake yametiwa shaba nyekundu ili yaonekane damu. Nusu saa kwake inatosha.

Alhamisi: Masoko ya Trajan

Mlango uko Via IV Novemba, yaani Via IV Novembre kwenye kibao. Haya ni ya manispaa, si ya taifa, kwa hiyo tiketi ya juzi haifanyi kazi. Kwa kawaida hufunguliwa kila siku, saa tatu na nusu asubuhi. Ndani yake tangu 2007 kuna Makumbusho ya Majukwaa ya Makaisari.

Jina "masoko" ni la wafukuaji wa miaka ya 1920 na 1930, chini ya Corrado Ricci, waliotoa majengo haya ndani ya kambi ya jeshi iliyokuwa imerithi nyumba ya watawa wa kike. Waliona milango mingi inayofanana wakasema maduka. Leo wataalamu wanaona ofisi na maghala kwa wingi kuliko maduka. Yalijengwa mwanzoni mwa karne ya pili, kilima kilipokatwa kupata nafasi ya Jukwaa la Trajan, na yanahusishwa na msanifu Apollodorus wa Damascus. Kazi yao nyingine, isiyosemwa na jina lolote, ni kushikilia ule mteremko uliokatwa usiporomoke. Nusu duara lile kubwa la matofali ni ukuta wa kuzuia kilima, lenye vyumba ndani.

Ukumbi Mkuu ndio unaoingilia: urefu mita 32, upana mita 8, matao sita yanayokatana darini. Tazama matao hayo yanapotua. Hayakai juu ya ukuta mzima. Yanatua kwenye mawe yaliyotokeza, na pande mbili za ghorofa ya juu zimeachwa wazi ili mwanga na hewa vipite. Hii ni miaka karibu 200 kabla ya hamamu za Diocletian, na ukiwa umetoka huko jana utaona wazi njia iliyopitiwa kutoka ukumbi huu hadi ule.

Vilivyomo ni vipande, vimepangwa pamoja na sehemu za kisasa za kujazia, ili ujue kipande cha bega au taji kilikaa mita ngapi juu. Sanamu za wanawake wabeba paa kutoka Jukwaa la Augustus na unyayo wa shaba wa sanamu ya Ushindi, mungu wa kike, kutoka hekalu la Mars, mungu wa vita, ndivyo vya kutafuta. Fuata pia rangi za marumaru: ya njano kutoka Chemtou, Tunisia, yenye mishipa ya zambarau kutoka Uturuki ya leo, ya kijani yenye mawimbi kutoka Euboea, Ugiriki. Lile jiwe jeusi lenye mabaka mekundu mafundi wa Roma huliita *africano*, nalo lilichimbwa Teos, Uturuki. Afrika haikuhusika.

Shuka Via Biberatica, barabara ya kale yenye mawe meusi ya volkano, milango ya pande zote mbili ikiwa na miimo ya mawe meupe na dirisha dogo juu kwa ajili ya dari ya ghorofa ya kati. Mawe haya huteleza yakilowa na yana mianya inayomeza kisigino. Lifti haifiki kila mahali, hivyo mwenye magoti mabovu aulize mlangoni kabla ya kuanza ngazi. Jina la barabara ni la zama za kati. Wengine hulitoa kwenye neno la vinywaji, wengine kwenye *piper*, pilipili manga. Pilipili yenyewe ilifika Roma kwa majahazi yaliyosubiri pepo zile zile tunazoziita kusi na kaskazi, kupitia Bahari ya Shamu na Misri.

Malizia kwenye roshani ya juu saa tisa au saa kumi, jua likiwa limehamia magharibi na kuangaza nusu duara zima la matofali. Mbele yako ipo Nguzo ya Trajan ya mwaka 113, mwili wake ukiwa futi 100 za Kiroma, kama mita 29.8. Maandishi ya kitako chake yanaeleza kwamba ilisimamishwa kuonyesha kimo cha kilima kilichoondolewa. Geuka nyuma, utazame mnara wa Milizie wa karne ya 13 ulioinama juu ya masoko, kisha shusha macho hadi mlango wa duka ulio karibu nawe. Kwenye kizingiti cha jiwe kuna mfereji mwembamba na shimo pembeni: mbao za kufungia duka ziliingizwa moja moja hapo, ya mwisho ikatiwa komeo.